Nukta Yenye Jina Langu

Mtu mzima kutapika mbele ya meza ya samaki si mwanzo mwema wa mapenzi, lakini haya yalianza hivyo hivyo.

Ilikuwa Jumamosi, soko la Kashaulili limefurika, jua limeshika utosi. Migebuka iliyotoka Karema asubuhi ilikuwa imelala juu ya mabati, macho wazi, nzi wameikalia kama wageni wa msiba wasiotaka kuaga. Chini ya meza maji ya samaki yalijikusanya kwenye kishimo, rangi yake kama chai iliyosahauliwa sufuriani. Kijana mmoja, shati jeupe limepigwa pasi mpaka linakata, alirudi nyuma kukwepa toroli la vitunguu, akatumbukiza kiatu chake cha ngozi humo humo. Maji yakaruka mpaka kwenye suruali. Akaiangalia miguu yake, akavuta pumzi kwa bahati mbaya, na tumbo likamsaliti.

Eufrazia alikuwa pembeni akichagua samaki. Siku hiyo alivaa gauni la kitenge cha kijani chenye maua ya njano, mabega yamepandishwa, nywele amesuka twende kilioni. Akasogeza gauni lake lisipatwe, kisha akacheka.

"Kaka, samaki hawa hawajakutukana. Mbona unawafanyia hivyo?"

"Samahani, dada. Hii harufu..."

"Harufu ya nini? Hiki ni chakula. Kwenu mnakula maua?"

"Kwetu Mishamo," alisema kijana, kitambaa puani. "Tunakula maharage."

"Ndiyo maana. Maharage hayana macho."

Mwuza samaki akacheka mpaka kisu kikamtoka mkononi. Eufrazia akaona huruma. Akatoa limau kwenye kikapu chake, akalikata kwa kisu cha yule mama, akampa nusu. "Nusa. Utapona."

Kijana alinusa, rangi ikamrudia. Alikuwa na macho makubwa, ya mtu aliyezoea kuangalia jambo kwa muda mrefu. "Naitwa Arcade. Nipe namba yako, nikurudishie limau lako."

"Limau halirudishwi kwa simu," alisema Eufrazia. Namba akampa.

Jumatatu iliyofuata Mzee Erasmus, mwenye kiwanda cha kukoboa mpunga barabara ya kwenda Sumbawanga, aliwakusanya wafanyakazi wake uani kuwatambulisha kwa fundi wa kompyuta aliyesomea Mbeya. Eufrazia, msimamizi wa mashine ya kung'arisha mchele, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Alikuwa yule yule wa kishimo, ila kwa viatu vingine.

"Ndugu zangu," alisema Arcade, "nitakitengenezea kiwanda hiki pacha wake, na pacha huyo atakaa ndani ya kompyuta. Kila mashine itafungwa kifaa kidogo cha kupima joto, mtikisiko na mwendo, na kinachotokea hapa kitaonekana kule papo hapo. Rola ikianza kulika, pacha atatuambia kabla mchele haujaanza kukatika. Tukitaka kubadili jambo, tutalijaribu kwa pacha kwanza. Likiharibika, limeharibika kwenye skrini tu. Hapa haijamwagika hata punje."

Masele, Msukuma mwenye mwili wa gogo aliyetunza tanuri la kukaushia mpunga, aliinua mkono. "Huyo pacha anakula ugali?"

"Anakula umeme, mzee wangu."

"Basi umeme ukikatika tunazika."

Watu wakacheka. Lakini kwa haki ya Mungu, pacha alifanya kazi. Mchele ulianza kutoka mzima, chenga zikapungua, na mashine zikaacha kufa katikati ya msimu kama zilivyozoea. Siku moja mchana Arcade alikuja mbio kutoka chumba chake, akamshika Eufrazia kiwiko na kumvuta kando. "Zima! Beringi yako inaumwa." Walipofungua wakaikuta imeungua, nyeusi kama mkaa. Kama ingevunjika mashine ikiwa kwenye mwendo, mkono uliokuwa karibu ni wa Eufrazia. Jioni ile alipokea simu ya Arcade kwa sauti nyingine kabisa.

"Umefika salama, mukunzi?"

"Ndo nini hiyo? Unanitukana kwa Kirundi?"

"Maana yake mpenzi."

"Ee! Nani kakuruhusu?" Akasogeza simu sikioni. "Haya, sema tena, mtandao ulikuwa mbovu."

Alisema tena. Mtandao ukawa mbovu mara nyingi usiku ule.

"Umekula nini leo, mukunzi?"

"Ugali na migebuka." Upande wa pili ukasikika mguno. "Arcade! Usinitapikie kwenye simu, ni mpya."

Hivyo ndivyo walivyopendana, kwa kutaniana, na kwa kutembea Jumapili baada ya misa mpaka viatu vikageuka vyekundu kwa vumbi. Mwisho wakakubaliana. Mama Annonciata, mzazi wa Arcade, angekuja kutoka Mishamo, wapande basi pamoja kwenda Mpimbwe kwa wazazi wa Eufrazia kujitambulisha. Baba yake Eufrazia alikwisha kutenga mbuzi. Shangazi zake walikwisha kugombana juu ya nani atapika wali.

Kumbe Mzee Erasmus alikuwa amenogewa na pacha. Kila mgeni aliyefika alipelekwa chumba cha pacha kabla ya kupewa kiti. Kisha akataka zaidi. "Mashine bila watu ni chuma tu," alisema. "Watie na watu humo."

Zikaletwa bangili nyeusi za plastiki, kila mfanyakazi moja. Bangili ilisema mvaaji wake yuko wapi, na ikikaa bila kutikisika kwa muda, king'ora kinalia, ili aliyeanguka aokolewe. Waliambiwa kwamba kwenye skrini hakuna majina, ni namba tu. Wanaume walivaa wakasahau. Wanawake hawakusahau, na sababu yake ilikuwa bafu.

Vumbi la mpunga, msomaji, ni adui mdogo asiye na adabu. Linaingia shingoni, kwapani, chini ya sidiria, linawasha kama upupu. Hakuna mwanamke aliyetoka kiwandani pale bila kuoga. Bafu lilikuwa moja, la mabati, nyuma ya tanuri, na Masele aliwawekea maji ya moto. Siku ya kwanza ya bangili, Dina, shoga yake Eufrazia, aliitundika yake kwenye msumari akaingia kuoga. Bangili ikatulia. King'ora kikalia. Wanaume wakaja mbio na machela, wakavuta bati la mlango, wakamkuta Dina amesimama na povu la sabuni, akipiga yowe lililosikika mpaka barabarani.

Walipolalamika, Arcade alitabasamu kwa fahari ya fundi. "Hazidhuriwi na maji. Ogeni nazo tu."

Wanawake wakatazamana. Kuoga na kitu kinachosema! Eufrazia alihisi kinyaa kikimpanda mgongoni, kama mjusi aliyepita ndani ya nguo. Lakini aliyesema ni mpenzi wake, akaona aibu kumbishia mbele za watu. Wakamaliza jambo lile kike. Kila aliyeingia bafuni alimvisha Masele bangili yake, naye Masele akazunguka tanuri akichochea moto, bangili ikitikisika mkononi kama hirizi, mpaka mwenyewe atoke. Waliingia kwa zamu, na kila mmoja alichukua yake akaenda nyumbani.

Hawakumwambia fundi. Wewe ungemwambia?

Ilipita miezi. Wiki ile ambayo Mama Annonciata alikuwa apande basi, Eufrazia alikuwa chumbani kwake akikaanga samaki, redio inaimba, simu ikalia.

"Abee, mukunzi wangu," alijibu kwa kudeka.

"Masele ni nani kwako?"

Eufrazia alicheka. "Masele? Ni Masele. Ana nini?"

"Usinicheke, Efu. Kila jioni ukitoka mashineni unakwenda kwake. Mnazunguka lile tanuri pamoja. Mmeshikana kabisa, hata karatasi haipiti katikati. Mtu ana mke, ana wajukuu! Leo mmekaa hivyo mpaka nikashindwa, nikaacha kuangalia."

"Ukaacha kuangalia wapi?"

Arcade alikohoa.

"Arcade. Nimekuuliza. Ulikuwa unaniangalia wapi?"

"Kwa pacha," alisema kwa sauti ndogo.

Eufrazia alishusha kikaango. Mafuta yalikuwa yameanza kutoa moshi, na harufu ya samaki, aliyoipenda tangu utotoni, ikamkaa kooni kama kidole. Alikumbuka siku zile Arcade alipompigia akiwa ndiyo kwanza anavuka geti: umetoka, mukunzi? Naye alikuwa akiwaambia wenzake, jamani, mtu akikupenda anahisi. Kumbe hakuna aliyehisi kitu. Alikata simu, akafungua mlango, akasimama uani ameziba pua. Chakula kile alikila paka.

Asubuhi hakwenda mashineni. Alimchukua Dina, akamwita Masele, wakaingia watatu chumba cha pacha bila hodi.

Hakuwa amewahi kukiona kwa makini. Kiwanda kilikuwa kimejengwa kwenye skrini kubwa kama kwa kioo. Mashine zilizunguka bila kelele. Hapakuwa na vumbi, wala jasho, wala panya wa ghala la pumba. Kilikuwa kizuri, na uzuri ule ulimchefua. Ndani yake vidoa vya kijivu vilitambaa kama chawa kwenye shuka safi, kila kimoja na namba yake. Kimoja tu kilikuwa chekundu. Hicho hakikuwa na namba. Kiliandikwa *Efu*, na pembeni yake kikachorwa kopa.

"Mama yangu," alinong'ona Dina.

Arcade alisimama, kiti kikaanguka. "Efu, ngoja nikueleze."

"Nieleze. Mlisema ni namba tu."

"Ni namba kwa wengine wote! Wewe nilikuandika kwa sababu nakupenda. Nikichoka nakutazama, moyo unatulia."

"Masele, mwonyeshe mkono wako."

Masele, ambaye hadi hapo alikuwa akitafuta namna ya kutoka, aliinua mkono. Eufrazia akavua bangili yake, akamvisha. Dina naye akavua yake, akamvisha. Kwenye skrini nukta nyekundu na nukta ya kijivu zikamkumbatia Masele, zikatulia kifuani mwake kama wake wawili.

"Tembea," alisema Eufrazia.

Masele akatembea mpaka mlangoni na kurudi. Nukta zote tatu zikatembea.

"Umeona? Tukienda kuoga tunamwachia yeye, ili king'ora kisituletee machela. Ungeangalia namba nyingine, ungeona kila mwanamke wa kiwanda hiki anazunguka tanuri na Masele, akitoka huyu anaingia yule. Ungejua hapo kuna jambo. Lakini wewe uliangalia nukta moja tu."

"Na mimi nyumbani ninaye mmoja," alisema Masele kwa upole, "naye ananishinda."

Hakuna aliyecheka. Arcade alikuwa ameelewa, na uso wake ukajaa nafuu ya kijinga, ya mtu aliyepona wivu. "Basi yameisha, mukunzi! Nilikosea. Nisamehe, kumbe hapakuwa na kitu..."

"Yameisha?" Eufrazia alimsogelea. "Wewe ulituambia tuoge nazo. Ulidhani ninaoga nayo. Kila jioni ulikaa hapa ukingoja nukta yako iingie bafuni. Si ndiyo?"

Arcade akainama kuokota kiti kilichoanguka. Jibu likawa hilo.

"Nilikuwa sioni chochote, Efu," alisema mwishowe. "Ni nukta tu."

"Ni nukta yenye jina langu. Mtu anayechungulia kwenye tundu la bafu angalau anajua anachungulia. Wewe uliita mapenzi." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha Arcade kuliko kelele. "Ile siku uliniokoa mkono, nilikupenda. Leo hata mkono huo nikikumbuka uliushika, nataka kuuosha. Mwambie mama yako asipande basi."

Alitoka. Bangili yake ilibaki kwa Masele, nukta nyekundu ikibembea na pumzi zake.

Siku zilizofuata zilikuwa mbaya. Eufrazia alifanya kazi mkono mtupu, na Mzee Erasmus, aliyesikia mnong'ono, akajifanya haoni. Eufrazia alikuwa akisimama mbele ya mashine yake kisha ghafla anageuka nyuma, kama mtu aliyeguswa. Nyumbani alipachika ndala ya zamani juu ya tundu la ufunguo, akaifunga kwa msumari. Baba yake alipiga simu kutoka Mpimbwe kuuliza wageni wanafika lini, maana mbuzi anakula kamba. "Hawaji, baba," alisema. "Mbuzi arudi kwa wenzake." Arcade alipiga, hakupokea. Alituma ujumbe, yeye akaufuta bila kuusoma. Lakini alikuwa akijua, na alijichukia kwa kujua, kwamba harufu ya limau bado inamgeuza shingo.

Kisha Dina akaja kukaa juu ya gunia pembeni yake, macho yanacheka.

"Shoga, hujui yaliyotokea leo. Mtu wako kaja tanurini asubuhi kabla tajiri hajafika. Kasema, dada zangu, nawaomba bangili zenu zote. Tukamwangalia kama kichaa. Kazivaa mikono yote miwili mpaka viwikoni, halafu kamtuma Masele akamweke Mzee Erasmus mbele ya skrini."

"Halafu?"

"Halafu kaanza kubeba magunia! Peke yake, uani, na lile shati lake jeupe. Tajiri anaona kwenye skrini wanawake wote wa kiwanda wanapanga foleni kubeba mpunga, anasugua mikono, anasema leo watu wana bidii. Masele akamwambia, mzee, chungulia dirishani. Kachungulia. Uani kuna mtu mmoja, amelowa, anahema kama ng'ombe wa plau."

Eufrazia aliendelea kuangalia mchele ukishuka. "Alifokewa?"

"Alifokewa mpaka mate yakaruka! Aliulizwa, kwa hiyo pacha wako anadanganya? Naye akajibu, pacha wa mashine hadanganyi, kwa sababu mashine haina aibu. Watu wanayo, kwa hiyo watadanganya kila siku, na wewe utaendesha kiwanda kwa uongo. Atoe watu, abakize mashine, au amtafute fundi mwingine. Kasema hivyo hivyo, mkataba wake uko mezani pale."

"Na tajiri?"

"Kanuna mpaka saa ya chai. Baadaye kasema, toa." Dina akaonyesha mkono wake mtupu. "Zimekusanywa zote. Masele kakatalia moja, anasema ameizoea."

"Kawaambia kwamba kafanya kwa ajili yangu?"

"Jina lako hakulitaja. Nilingoja alitaje, hakulitaja."

Eufrazia alichota kiganja cha mchele, akauangalia, akaumwaga. "Vizuri," alisema. "Lakini kinyaa hakitoki kwa gunia, Dina. Ni kama harufu ya samaki mkononi. Unaosha, unanusa, unaosha tena."

"Sasa umeosha mara ngapi?"

Eufrazia akachota kiganja kingine cha mchele.

Jumamosi alikwenda sokoni. Alivaa lile gauni la kijani, akajiambia ni kwa sababu mengine machafu. Simu ikalia akiwa kwenye nyanya. Aliiangalia ikilia, kisha akapokea.

"Efu." Sauti ilikuwa imekauka. "Nashukuru umepokea. Nataka kukuona. Uko wapi?"

"Si ndiyo kazi yako kujua?"

"Sijui," alisema Arcade. "Kwa kweli sijui. Sijajua tangu siku ile."

"Niko sokoni."

"Sokoni wapi?"

"Una macho. Nitafute."

Akazima simu kabisa, akaitia kifuani.

Soko lilikuwa kama siku ile, watu juu ya watu. Eufrazia alisimama nyuma ya magunia ya dagaa, karibu na mama yule yule wa migebuka, akangoja. Kwa muda hakumwona, na jambo moja likamshangaza: aliogopa. Huenda asinione. Huenda aende zake. Ndipo shati jeupe likatokea kwenye mitumba, likapotea, likatokea kwenye ndizi. Alikuwa anauliza watu. Aliwashika bega wanawake wawili waliovaa kijani, mmoja akamsonya. Kopa lake na skrini yake vilikuwa mbali. Alikuwa mtu tu, amepotea, jasho linamtoka, shingo ameirefusha kama kuku aliyenyeshewa. Akafika kwenye harufu. Akasita. Akaziba pua, akaiachia, akaingia, na mguu wake ukatua ndani ya kile kishimo.

Hakuuangalia mguu. Alikuwa amemwona.

"Mukunzi," alisema. Kisha akajirekebisha. "Eufrazia."

"Umechelewa."

"Nilikupitia pembeni, nadhani, mara mbili. Sikukuona."

"Nilikuona mimi," alisema Eufrazia. "Unaonekana mjinga sana ukitafuta kwa macho."

"Najua." Alimeza mate, si kwa mapenzi tu, migebuka ilikuwa imemkodolea. "Nimekuja kukuomba. Uwe mke wangu. Sina la kukuonyesha, nimelifuta lote. Kama bado unanionea kinyaa, sema, nitaondoka kwa njia niliyojia."

"Bado nakuonea kinyaa."

Arcade akainamisha kichwa.

"Kidogo," aliongeza Eufrazia. "Si kama juzi. Usinihimize. Na nyumbani kwangu hutagusa simu yangu, hutauliza nilipita wapi. Nikitaka ujue, nitasema. Nikichelewa, utakaa na hofu yako kama waume wengine."

"Nitakaa nayo."

Eufrazia akamgeukia mwuza samaki. "Mama, nifungie wale wakubwa."

Yule mama alikuwa amesikiliza yote, kisu kimeganda hewani. Akafunga migebuka kwenye gazeti, akatia kwenye mfuko, na maji yakaanza kudondoka kabla haujavuka meza. Eufrazia hakuupokea.

"Mpe huyo," alisema. "Abebe."

Arcade aliupokea kwa mikono miwili, akaukumbatia kifuani ili usipasuke. Doa la rangi ya chai likatambaa kwenye shati jeupe. Machozi yakamlengalenga, lakini tumbo safari hii lilimheshimu.

"Tunakwenda nao wapi?" aliuliza kwa sauti ya puani.

Eufrazia alikwisha kutangulia. Alipita katikati ya watu bila kugeuka nyuma, maua ya njano yakicheza mgongoni, na nyuma yake alisikia viatu vilivyolowa vikimfuata, chwa, chwa, chwa.

"Fuata tu," alisema. "Na umpigie mama yako. Mwambie mbuzi bado yupo."